Maswali yenu: kuvua samaki na kulala hemani kwenye paki za ziwani Texas

Joto limerudi na meseji zenu karibu zote ni za ziwa, nani anaruhusiwa kuvua, hema linalipiwaje, nyoka wapo au hawapo. Basi leo maswali ya kodi na makaratasi nimeyaweka pembeni, nayajibu haya tu. Nimebaki Texas kwa sababu wengi mlioandika mko Dallas, Fort Worth na kule Abilene, na sheria za jimbo moja haziendi jimbo jingine, usizibebe hizi ukavuka nazo kwenda Oklahoma maana pale ziwa Texoma ukivuka tu maji upande wa pili, leseni yako ya Texas haikusaidii kitu.

Anko shikamoo. Mimi ni mtu wa Mwanza, nimekulia majini kabisa, lakini tangu nifike huku sijashika ndoano hata siku moja. Washkaji wananitisha eti ukivua bila leseni unakamatwa na gari linachukuliwa. Na hizi paki za jimbo ni kama Serengeti, mgeni analipa bei ya mgeni? — Msomaji wa Irving

Marahaba mwanangu. Hapana, sio kama Serengeti, hakuna simba, hakuna gari la kukodi, na hakuna bei ya mgeni na ya mwenyeji. Raia na asiye raia mnalipa sawa. Chukua mfano wa Cedar Hill, ile iliyo kando ya ziwa Joe Pool, kwako wewe wa Irving ndio ya karibu: mtu mzima dola 7 kwa siku, mtoto wa miaka 12 kushuka bure. Ukishaingia ni siku yako, vua, ogelea, tembea msituni, endesha baiskeli, choma nyama, au lala tu kwenye kivuli hakuna wa kukuuliza.

Sasa leseni, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza raha yao bure. Ndani ya paki ya jimbo ya Texas, ukivua ukiwa umesimama ukingoni au kwenye gati, leseni HUHITAJI. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu kila mwaka nakutana na watu wamekaa Dallas muda mrefu hawajui, wanapita na gari juu ya daraja wanayaangalia maji kwa uchu. Ukipanda boti au kayaki hapo leseni inahitajika. Ukitoka nje ya paki ukaenda kuvua upande mwingine wa ziwa hilohilo, inahitajika pia. Mtoto chini ya miaka 17 hahitaji popote. Na Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita ni bure kwa kila mtu jimbo zima, hata nje ya paki.

Siku ukitaka leseni yenyewe, ya maji baridi ni dola 30 kwa mkazi, na mkazi maana yake umeishi Texas miezi 6 mfululizo. Angalia tarehe lakini! Ile ya kawaida inaisha 31 Agosti hata kama umeinunua Julai, kwa hiyo anayeamka katikati ya kiangazi bora achukue ya siku moja, dola 11, alafu asubiri Septemba.

Hao askari wanaowatisha wapo kweli, ni polisi kamili wana bunduki na pingu, kazi yao ni wanyama na samaki, na wana haki ya kukuomba leseni na kuangalia umeweka nini kwenye boksi la barafu. Wewe unayevua ukingoni ndani ya paki huna cha kuogopa ilimradi unafuata idadi na urefu wa samaki, hayo nayaeleza chini. Kosa la kawaida ni faini, hii habari ya gari kuchukuliwa kwa kisamaki kimoja ni stori za baba wa baba.

Na usikimbilie dukani kununua fimbo ya dola 80. Paki nyingi wana fimbo za kuazima bure, na ndoano zake na vyelezo, unaandikisha jina ofisini unachukua. Piga simu kwanza uulize kama zipo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, Fort Worth. Jumamosi tulipakia kila kitu, mkaa, ndizi, kuku amelala kwenye viungo usiku mzima, tukaendesha lisaa limoja mpaka paki moja ya ziwani, getini tukaambiwa imejaa geukeni. Watoto walilia njia nzima. Sasa hii paki ya umma inajaaje? Na je ninunue ile pasi ya mwaka ya dola 70?

Pole sana dada yangu, na pole kwa yule kuku.

Inajaa kwa sababu wanahesabu nafasi za magari, zikiisha zimeisha, na wikiendi ya joto karibu na Dallas zinaisha hata kabla ya siku yenyewe. Kwa hiyo unabuk. Hata kama huendi kulala, hata kama unaenda mchana tu na kurudi, unabuk ile nafasi ya siku kwenye tovuti ya idara ya paki na wanyamapori ya Texas au kwa simu, na inafunguliwa kama mwezi mmoja kabla. Ya kulala inafunguliwa miezi 5 kabla. Mwenye pasi naye anabuk, pasi inakuondolea kiingilio haikuwekei nafasi, na hapo ndipo wengi wanaumbuka getini wakiipunga kadi yao.

Hiyo pasi tufanye hesabu. Inamlipia mwenye kadi na wote waliomo kwenye gari lake, mwaka mzima. Wewe na baba watoto kiingilio ni dola 14, na kama hao wanne wote hawajafika 13 wanaingia bure hata bila pasi, kwa hiyo pasi inaanza kukulipa safari ya sita. Kama mnaenda ziwani mara mbili kiangazi kimoja mnaichangia serikali tu. Ila kama una wakwe, mashangazi, na vijana wawili wa sekondari ndani ya vani moja, basi nunua leo.

Kuhusu kujaa nikuongezee kitu kidogo, maana umeuliza kwa uchungu. Texas ni jimbo kubwa lakini ardhi yake karibu yote ni ya watu binafsi, na hata baadhi ya paki zimekaa kwenye ardhi ya kukodi. Cedar Hill yenyewe imekodishwa toka kwa wahandisi wa jeshi la Marekani, wao ndio walijenga bwawa la Joe Pool miaka ya 80 na paki ikafunguliwa 1991. Kwingine mwenye ardhi ni kampuni: Fairfield Lake, kusini mashariki ya Dallas, ilikuwa paki ya ziwani ya jimbo kwa miaka mingi kwenye ardhi ya kampuni ya umeme, mtambo wa makaa ya mawe ukafungwa 2018, ardhi ikauzwa, na 2023 paki ikafungwa moja kwa moja. Watu walikasirika. Mwaka huohuo mwezi wa kumi na moja wapiga kura wakapitisha mfuko wa dola bilioni 1 wa kununua ardhi ya paki mpya, kwa hiyo nafasi zitaongezeka, lakini ardhi hainunuliwi kwa haraka ya kuku wako.

Kwa mtu wa Fort Worth mimi ningeacha kugombania Cedar Hill na watu wa Dallas, ningeenda magharibi, Lake Mineral Wells. Ziwa dogo, miamba ya kupanda, watoto wanachoka vizuri. Ukiweza kwenda Jumanne au Jumatano wakati shule zimefungwa, utakuta meza za kulia chakula zinakusubiri.

Sisi ni kikundi cha vijana wa hapa Arlington, kama 30 hivi, tunataka birthday ya ziwani, hema, spika, nyama choma na vinywaji vyetu. Tuandike saiti moja tu tubanane, itakubali?

Haitakubali. Eneo moja la hema mwisho watu 8, na gari zinahesabiwa pia. Kwa watu 30 mnatafuta eneo la kikundi au kile kibanda kikubwa cha kukodi kwa mchana, na vyote vinawahiwa mapema kuliko hema.

Vinywaji... sheria ya paki za jimbo Texas ni kwamba pombe hainywewi wala haionyeshwi hadharani. Najua mtaniambia tuliona Wazungu na kopo kwenye kava la sponji, sawa, mmewaona, lakini renja akija kwenye meza ya watu 30 wenye spika hatawauliza Wazungu. Spika nayo: saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni ukimya, na hata mchana muziki usivuke meza yenu. Kama sherehe yenu bila bia na amapiano sio sherehe, kodini ukumbi, hakuna ubaya, ziwa litakuwepo wiki nyingine.

Moto sasa. Kuokota kuni msituni marufuku, hata kijiti kilichoanguka, kuni mnanunua ofisini au mnabeba. Na kiangazi kikiwa kikavu kaunti inapiga marufuku moto wa nje kabisa, siku hizo wengine wanaruhusu gesi tu, na kila paki inatangaza yake, kwa hiyo siku moja kabla ya kwenda pigeni simu, la sivyo mtakuwa na kilo 15 za mbuzi mbichi na hakuna pa kumchomea.

Yambo mukubwa. Siye tuko Abilene, tulitokeaka Goma. Batoto banalomba kila siku kulala mu tente lakini hatuna vyombo, na bibi yangu anaogopa pori sababu ya vile tuliona kule kwetu. Kuko namna ya kujaribia kwanza bila kununua vitu?

Yambo ndugu, na msalimie shemeji. Hofu yake mimi siichezei, mtu aliyelala porini kwa kukimbia vita hawezi kuambiwa tu kwamba kulala porini ni starehe. Kwa hiyo msianze na hema.

Anzeni na mchana. Mko na bahati, Abilene State Park iko kusini ya mji wenu hapo, karibu na kijiji cha Buffalo Gap, ina miti mikubwa ya kivuli na bwawa la kuogelea lililojengwa miaka ya 1930, wakati wa ile shida kubwa ya uchumi serikali ilipowapa kazi watu wasio na ajira. Waliojenga pale walikuwa wanajeshi wazee wa vita kuu ya kwanza, na kikosi kimoja kilikuwa cha Wamarekani weusi. Ziwa Abilene liko jirani ila miaka ya ukame maji yake yanapungua vibaya, usiwaahidi watoto samaki kabla hujauliza.

Hatua ya pili laleni kwenye nyumba sio hemani. Pale wana vibanda vya mviringo vya turubai nzito, vina vitanda na mlango wa kufunga, na kwenye paki nyingine za ziwani kuna vyumba vyenye nyavu za mbu pande zote. Shemeji akifunga mlango wake akasikia majirani wanakohoa na watoto wa wengine wanacheka, hapo ndio atapima mwenyewe. Eneo la kambi sio pori tupu, kuna taa chooni, kuna maji, kuna watu mita chache toka kwako, na usiku kuna namba ya simu ya dharura ya paki.

Halafu ipo programu ya idara ileile ya paki inaitwa Texas Outdoor Family, wao wanakuja na mahema, magodoro, majiko, wanawafundisha kuweka hema na kupika, mnalala usiku mmoja familia kadhaa pamoja, nyie mnaleta chakula na matandiko. Inalipiwa kwa familia nzima sio kwa kichwa. Kwa mtu asiye na chombo hata kimoja sijaona kitu kizuri zaidi ya hicho. Tarehe zinabadilika kila msimu, zinajaa, muwahi.

Anko tuache maneno, samaki wanakamatwaje? Nimekaa ukingoni Joe Pool toka saa 5 mpaka saa 9 mchana, mwezi wa saba, sikupata hata wa dawa. — Dereva wa lori, Grand Prairie

Saa 5 mpaka saa 9 mchana mwezi wa saba! Bwana, joto nyuzi 38, samaki wenyewe wamekwenda chini kwenye maji ya baridi na wewe umekaa juani unawasubiri ukingoni kwenye maji ya moto. Kiangazi vua alfajiri mpaka jua likianza kuuma, au jioni kuanzia saa 1 mpaka usiku. Kama umelipia kulala hapo, usiku mzima ni wako, na usiku ndio wakati wa kambale.

Kambale ndiye samaki wa kwetu sisi, ana nyama, hana fujo ya miba midogo, na hachagui. Mpe maini ya kuku, minyoo, vipande vya soseji, kitu chenye harufu. Tatizo la maini ni kwamba yanachomoka ukirusha, yafunge na uzi wa kushonea au yaache juani kidogo yakauke ngozi. Chambo kiende chini kabisa kikae kwenye tope, weka risasi ya kutosha kukizamisha, alafu tulia, sio kila dakika mbili unavuta kuangalia.

Kama una watoto achana na kambale kwanza, nenda kwenye gati na ndoano ndogo kabisa, chelezo na kipande cha mnyoo, utapata wale samaki bapa wadogo wanaitwa bluugili, sura yao kama sato mchanga. Wanauma haraka na mtoto hachoki. Wakubwa wakubwa mnawasikia Wamarekani wanaongelea besi, besi, besi, boti za dola elfu 60, mimi besi kwenye sahani simwoni kitu mbele ya kambale lakini kwenye mshipi anapigana haswa. Machi na Aprili ndio anasogea ukingoni kutaga, na krapi naye anasogea wakati huohuo kwenye vichaka vilivyozama, krapi ni mtamu sana wa kukaanga mzima.

Idadi sasa, maana hapa ndipo boksi la barafu linapofunguliwa. Besi lazima afike inchi 14 na wasizidi 5 kwa siku. Krapi inchi 10, mwisho 25. Kambale wa kawaida na wa bluu jumla 25, wasizidi 10 wenye inchi 20 kwenda juu, ila kwenye viziwa vilivyo ndani ya paki mwisho ni 5 tu. Baadhi ya maziwa yana masharti yake mengine kwa hiyo soma lile bango kwenye njia ya kushushia boti. Nyavu sahau, besi na kambale kwa wavu ni kosa, kwenye gati za paki ni fimbo na mshipi, mbili kwa mtu basi.

Na najua kuna mtu wa Kisumu au Mwanza ataniuliza sato. Wapo, hasa kwenye maziwa ya kupozea mitambo ya umeme ambako maji hayapoi, maana huku kwingine baridi ya Januari inawaua. Lakini Texas wanamhesabu kama mgeni mharibifu, hutakiwi kumbeba akiwa hai. Ukimpata na unamtaka, mkate kichwa au mtoe matumbo palepale.

Kitu kingine kabla ya kukaanga: idara ya afya ya jimbo inatoa maonyo ya samaki wenye sumu, kwa mfano Caddo, lile ziwa zuri la mashariki lenye miti imesimama majini, besi wake wana zebaki, na mto Trinity unaopita Dallas hapo samaki wake sio wa mboga. Angalia orodha kabla ya kulisha watoto.

Kuna mamba? — Msomaji wa Plano, ujumbe mzima ulikuwa huo

Mamba wa kwetu hapana. Kuna aligeta, binamu yake, wengi zaidi mashariki na kusini mwa jimbo, huku Dallas ni wachache. Ukimwona muache, usimtupie chakula wala utumbo wa samaki.

Mimi nakuombea uogope maji zaidi ya aligeta. Paki za jimbo Texas hazina waokoaji ufukweni, hakuna kijana wa filimbi anakuangalizia mtoto, na haya maziwa ni mabonde yaliyozibwa na bwawa, unatembea maji ya goti hatua inayofuata huoni chini. Mtoto chini ya miaka 13 kwenye boti ndogo au kayaki inayotembea lazima avae jaketi la kuelea, hiyo ni sheria, na mtu mzima asiyejua kuogelea avae pia aache aibu. Nyoka wa sumu wapo, kuna mmoja mnene mweusi wa majini, anakaa kwenye mawe na magogo, kwa hiyo usiingize mkono usipopaona na usitembee usiku na sandozi bila tochi. Kupe vaa soksi juu ya suruali. Na chakula chote usiku kiingie ndani ya gari, kuna rakuni, vinyama wezi wa usiku, hao wanafungua boksi la barafu kama wamelinunua wao.